Dawa ya Mkojo na Magadi ya Mama Nafula

Kabla hujampa mtu dawa ya mkojo, muulize choo kiko wapi. Hilo kwenye vitabu vyenu halimo, nimetafuta. Mjukuu wa dada yangu anasomea uuguzi, na kila akija kunisalimia nampekua mkoba nione wanamfundisha nini siku hizi. Figo wameieleza vizuri sana. Mishipa ya damu wameichora kwa rangi nyekundu na buluu. Lakini hakuna ukurasa unaokwambia kwamba mgonjwa wako anakaa kwenye ploti yenye choo kimoja, choo kina kufuli, na ufunguo anao mama mmoja ambaye ametoka tangu asubuhi kwenda sokoni.

Mimi naitwa Mwende. Miaka ya tisini karibu yote niliimaliza nikipima watu presha, kwanza Kibera, upande wa Kianda, na baadaye Kawangware pia, pale Kabiro, kliniki yetu ilipofungua tawi. Wengi hawakuwahi kulijua jina langu. Nilikuwa Sista, basi. Mpaka leo nikipita huko, mtu ataniita kutoka mlangoni mwake na kukunja mkono wa shati apimwe, kana kwamba natembea na mashine kwenye mkoba. Na mara nyingine kweli natembea nayo.

Nyinyi mnaoanza kazi hii mmezikuta mashine za betri zinazosoma zenyewe na kulia kama saa ya kuamshia. Sisi tulikuwa na ile ndefu ya zebaki, ya kupampu kwa mkono na kusikiliza kwa sikio. Mtaa wenyewe haukuwa na huruma na sikio lako. Jirani anagonga mabati, kanisa la pembeni linafanya mazoezi ya kwaya, na wewe umefumba macho unatafuta mapigo ya moyo wa mtu. Nilizoea. Nikafika mahali naweza kupima presha katikati ya harusi, na siku moja nilipima.

Lakini leo nataka kuwaambia habari za tembe moja. Ni nyeupe, ndogo, ikianguka kwenye sakafu ya udongo umeipoteza. Kazi yake ni kutoa chumvi na maji ya ziada mwilini kwa njia ya mkojo, ili damu ipate nafasi na presha ishuke. Watu waliiita dawa ya mkojo, na wengine waliitamka kwa aibu kama walioshikwa na siri. Ni dawa ya zamani na si ya gharama. Mtu akiitumia vizuri inamfikisha mbali. Akiitumia ovyo inamwangusha, na nimewaokota walioanguka.

Aliyenifundisha kuiheshimu ni Daktari Odhiambo. Kwa vyeti alikuwa afisa wa kliniki, lakini Kibera nani angemwita hivyo? Alikuwa mtu wa kuuliza maswali kuliko kuandika dawa. Wiki yangu ya kwanza alinisikia nikimuuliza mgonjwa, "Umemeza dawa?" Mgonjwa akasema ndiyo. Mwingine, ndiyo. Mwingine, ndiyo kabisa. Foleni ilipoisha akaniita kando.

"Mwende, hao wote wamekudanganya."

"Wote?"

"Wote. Mtu akiulizwa na nesi kama amemeza, atasema amemeza. Sasa kesho uliza hivi: ukishameza, unaenda wapi? Hapo ndio utasikia maneno."

Kesho yake nikauliza, nikasikia maneno. Mmoja hamezi siku za kazi kwa sababu anafua nguo Lavington na tajiri wake hataki aingie msalani. Mwingine anameza jioni akitoka kibaruani, kisha giza likiingia anaogopa kutoka nje, kwa hiyo anaiacha. Mwingine anameza Jumapili peke yake, dozi ya wiki nzima, ili amalize. Huyo nilimshika mkono nikamwambia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani kwamba tembe si ubatizo, hazimezwi zote mara moja.

Kawangware nilikuwa na Mzee Mutua, soja, mtu wa Kitui, Mkamba mwenzangu. Alilinda geti usiku na kulala mchana. Tulimwambia kama tulivyomwambia kila mtu: meza asubuhi. Naye ni mtiifu. Akitoka lindo asubuhi anameza, anajilaza, na hapo ndipo dawa inaanza kumwita. Anaamka, anavaa viatu, anatafuta ufunguo, anaenda, anarudi, anavua viatu. Anaamka tena. Kina mama waliokuwa wakifua uani wakaanza kumpigia makofi kila akitokea. Akaiacha dawa, na presha ikapanda mpaka akaanza kutokwa na damu puani. Nilipomuuliza, aliniita binti kwa Kikamba chetu: "Mwiitu, hii dawa mumepatia mtu hajui kulala."

Tulimbadilishia, si dawa, saa. Yeye asubuhi yake ni mchana akiamka. Anameza akinywa uji, mambo yake mengi yanaisha kabla ya kwenda lindo, na yanayobaki, alisema, ua la tajiri ni refu na mbwa hasemi. Presha ikashuka, ikakaa. Alipoenda likizo Kitui akabeba tembe za kutosha, na alirudi amenona. Nilimpenda sana mzee yule.

Sasa niwaambie juu ya Mama Nafula, maana huyo ndiye aliyenitoa jasho.

Alikuwa mama wa Kibukusu, mnene, mwenye sauti, na alikuwa na kibanda cha chakula pale Kianda, njia ya kuelekea Olympic. Mafundi, wapiga rangi, watu wa mjengo, wote walikula kwake. Ugali, maharagwe, kunde, na mrenda, ile mboga ya kuteleza, ambao watu walivuka mitaa kuufuata. Alipika na binti yake Nafula, msichana mpole ambaye wakati huo alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza.

Mama Nafula alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alipika kwa kupapasa. Alijua maji yamechemka kwa kusikia, alijua ugali umeiva kwa harufu na kwa uzito wa mwiko, na wateja wengi hawakujua kwamba haoni sura zao. Lakini alimbeba mjukuu wake kila siku na hakuwahi kumwona uso. Alikuwa anampapasa pua kwa kidole, anampapasa masikio, kisha anauliza, "Amefanana na nani?" Nafula anamwambia amefanana na watu wa babake. Mama anarudia masikio kwa kidole. Siku ya kwanza nilipoona hivyo nilijikuta napanga mkoba wangu upya, kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Hospitali ya macho ilikuwa tayari kumpasua. Shida ilikuwa presha. Wanampima, iko juu sana, wanasema jicho likifunguliwa na presha hiyo linaweza kujaa damu na kuharibika moja kwa moja, nenda ushushe urudi. Akaenda akarudi, akaenda akarudi. Mara ya mwisho walimwambia kwamba mtoto wa jicho anazidi kukomaa, na akingoja sana kazi itakuwa ngumu. Akaja kliniki kwetu akiwa ameshikwa mkono na Nafula, akakaa kwenye benchi na kusema, "Sista, mimi nataka kuona huyu mtoto kabla aanze kunitoroka na miguu. Niambie nifanye nini, nitafanya."

Mtu akikuambia hivyo hulali vizuri. Daktari Odhiambo akampa dawa ya mkojo, nami nikapewa kazi ya kumfuatilia.

Kosa la kwanza lilikuwa la maji. Mama Nafula alikuwa anatoka nyumbani alfajiri kwenda kuwasha jiko, na choo cha ploti yake kilikuwa mbali na kibanda. Hakutaka kuacha sufuria motoni kila mara, na kwa macho yale hakutaka kupita mitaroni peke yake. Kwa hiyo akaamua mwenyewe: dawa atameza, lakini maji hatakunywa. Hesabu yake ilikuwa kwamba dawa ikikosa maji ya kutoa, itakaa kimya. Anashinda kando ya moto, anatoa jasho, koo kavu. Ikifika saa ya wateja anapata kizunguzungu. Na yeye, kama watu wengi mtaani, aliamini kizunguzungu maana yake presha imepanda. Anafanyaje? Anameza tembe nyingine.

Siku moja akainuka ghafla kutoka kwenye kigoda kumpakulia mtu, akaenda chini. Waliniita mbio. Nilimkuta amelazwa kwenye mifuko ya unga, wateja wamemzunguka na sahani mkononi, mmoja anampepea kwa sinia na mwingine bado anatafuna. Nilimpima akiwa amelala, kisha nikamwinua taratibu nikampima tena. Akiinuka tu, presha ilikuwa inaporomoka. Presha haikuwa imepanda hata kidogo. Midomo ilikuwa imekauka kabisa.

"Mama, leo umekunywa nini?"

"Chai."

"Na maji?"

"Sista, nikunywe maji nikojolee wapi, kwa sufuria?"

Wateja walicheka, na mimi nilicheka, lakini niliogopa. Tulimnywesha maji polepole, tukaita Daktari, na akamsimamishia dawa kwa muda mpaka alipokuwa sawa na damu yake ikaangaliwa. Kutoka siku hiyo wagonjwa wangu wote niliwaambia maneno yale yale, na nyinyi waambieni: dawa hii haikatazi maji, kunywa kama kiu inavyokuambia, isipokuwa daktari amekupimia kwa sababu ya moyo au figo. Usiruke kutoka kitandani, kaa kwanza, shusha miguu, ndipo usimame. Kizunguzungu hakikuambii presha iko juu au chini, mashine ndiyo inayosema. Ukisahau dozi ya jana, imekwenda, usimeze mbili leo. Ukiharisha au ukitapika sana, usijikaze na tembe nyumbani, njoo siku hiyo hiyo tukuambie kama uipumzishe. Misuli ikibana, mwili ukilegea, moyo ukienda mbio ovyo, njoo tupime damu, maana dawa inaweza kuwa imechota madini ambayo mwili ulikuwa unayahitaji. Na zile dawa za maumivu za kununua dukani moja moja, uliza kwanza, baadhi zinashikilia maji mwilini na kuumiza figo.

Lakini kusema hakutoshi kama choo kiko mbali. Kando ya kibanda chake kulikuwa na kanisa la mabati lenye choo kizuri ajabu, na kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi kilifungwa. Nikamwendea mzee wa kanisa. Alinieleza kwa urefu kwamba choo ni cha waumini. Nikamuuliza waumini wanakula wapi mchana. Yeye mwenyewe alikuwa mteja wa mrenda. Nikaondoka na ufunguo. Mama Nafula aliufunga kwa kamba shingoni na kutembea nao kama medali, na akawa anakiosha choo kile vizuri kuliko kilivyowahi kuoshwa.

Basi tukawa na saa nzuri, maji, choo, na tembe moja kila asubuhi. Nikakaa kungoja presha ishuke. Ilishuka kidogo, ikakwama. Wiki baada ya wiki nampima, namba zile zile, na hospitali haiwezi kumkubali kwa namba zile. Nilianza kukasirika. Nilimuuliza kuhusu chumvi, na hapo alinikasirikia yeye.

"Chumvi? Sista, mimi niliacha chumvi siku ile Daktari alisema. Ata kwa chakula ya wateja siweki. Kila mtu anajiwekea mwenyewe. Uliza hawa."

Nikawauliza. Ni kweli. Mafundi walikuwa wanalalamika kwamba mama amekuwa mchoyo, na mmoja alikuwa anatembea na chumvi yake kwenye karatasi mfukoni. Nafula naye akaapa. Nikarudi kwa Daktari Odhiambo na namba zile zile. Akasema tutaongeza dawa ya pili, lakini nione kwanza kwa macho yangu anavyokula. "Nenda saa ya kupika, si saa ya kula," akaniambia.

Nilienda kabla ya saa sita. Nikakaa kwenye kigoda, nikapewa mtoto nimshike. Mama Nafula alikuwa anapika huku akinitambia. Alinyoosha mkono kuonyesha rafu nzima. "Tafuta. Hapa chumvi ukiona, mimi nifungwe." Na kweli hapakuwa na chumvi. Kisha akapapasa kopo moja lililokuwa karibu na jiko, akatoa bonge la rangi ya kijivu, akalivunja kwa vidole na kulitia kwenye sufuria ya mrenda. Akavunja lingine akatia kwenye kunde. Lingine, kubwa, kwenye maharagwe. Povu likapanda. Akachota kila sufuria kwa kiganja, akaonja, akarudia kuonja.

"Na hiyo je?" nikamuuliza.

"Gani?"

"Hiyo umetia."

Akageuza uso upande wangu kwa mshangao. "Hii? Hii ni magadi, Sista. Si chumvi."

Nilicheka mpaka mtoto akashtuka mapajani. Nilicheka kwa sababu hata mimi, kwangu, muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, nilikuwa naupika na magadi. Mama yangu alitia, bibi yangu alitia. Hakuna mtu Ukambani wala Bungoma kwao Mama Nafula aliyewahi kuyaita magadi chumvi. Magadi ni ya kulainisha mboga, ya kuharakisha maharagwe, ya kuokoa makaa. Tulikuwa tumewaambia watu punguza chumvi, nao wakatutii kwa moyo wote, na hakuna aliyetaja magadi kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Nilirudi kliniki nikipita watu bila salamu. Daktari Odhiambo alinisikiliza, akaweka kalamu chini, akajishika kichwa.

"Mwende, jana jioni nimekula osuga, ile mboga yetu chungu. Unajua mke wangu ameipika na nini?"

"Magadi."

"Magadi, na nikaongeza sahani." Akacheka kwanza, kisha akanieleza. Kilicho ndani ya chumvi kinachopandisha presha, ndicho hicho hicho kilicho ndani ya magadi, na tele. Dawa inachota maji nje kwa kikombe, na sufuria inarudisha kwa ndoo. Mtu anayeonja vyungu vyote kutwa nzima, mchana akala sahani yake na jioni nyingine, tembe moja ndogo itamfanyia nini?

Mnadhani kazi iliishia hapo? Ndipo ilipoanza. Nilimwambia Mama Nafula aache magadi, akaniangalia kwa macho yale meupe na kusema, "Mrenda bila magadi ni nyasi. Unataka nifunge hoteli?" Akanuna. Akanipa chai baridi, na kwake hiyo ilikuwa dharau kubwa. Nafula alikaa katikati yetu akimnyonyesha mtoto, hajui ashike upande gani.

Sikubishana. Nilimwambia sitaki sufuria ya wateja, nataka sufuria yake. Ndogo, ya kando. Na kuonja aonje Nafula. Alikubali kwa shingo upande. Siku za kwanza mrenda wake ulitoka mgumu, ukanata menoni, na kila nikipita ananiita nije nionje adhabu yangu. Nikaonja. Ilikuwa adhabu kweli.

Lakini mpishi ni mpishi. Mama Nafula hakuweza kuvumilia sufuria mbaya ikae kwenye jiko lake, hata kama ni ya dawa. Akaanza kuchagua majani machanga peke yake, akiyapima kwa vidole. Maharagwe akayaloweka tangu jioni, akayamwaga maji, akayafunika na kuyaacha moto wa chini mpaka yakalainika yenyewe. Kunde akazitia maziwa na kuziacha zilale, kama alivyofanya nyanya yake kwao wakati magadi yalikosekana. Kitunguu, nyanya, dania, ndimu kidogo juu. Siku moja nikakuta mpiga rangi mmoja amenyoosha sahani na kusema, "Mathe, leo niwekee ile ya sufuria ndogo." Mwenzake akasema, "Na mimi. Hiyo ingine inanipea kiu." Mama Nafula alijifanya hakusikia, lakini mabega yake yalicheka. Muda si mrefu ile ndogo haikutosha, ikabadilishwa na kubwa, na kopo la magadi likaanza kushika vumbi.

Na presha ikashuka, jamani. Ikashuka wiki hii, ikashuka nyingine, nikawa napima mkono wa kulia na wa kushoto nikidhani mashine imeharibika. Daktari Odhiambo akaja kupima mwenyewe, akatoa vifaa masikioni, akampigia Mama Nafula saluti. Nafula akamweleza mamake kwamba daktari amepiga saluti. "Arudie," akasema, "nataka kusikia kiatu." Akarudia.

Siku ya hospitali niliomba ruhusa nikawasindikiza. Alimeza tembe yake kama walivyotuelekeza, na ile tabia ya wagonjwa wengi ya kuiruka siku ya safari ili wasitafute choo njiani hatukuifuata. Tulisimama mahali tulipojua pana choo, basi. Tulikaa kwenye foleni. Nesi wa pale akamfunga mkanda, akapampu. Mimi nilishaifanya kazi hiyo mara zisizohesabika, lakini siku hiyo nilisimama nyuma ya kiti nikiwa nimeshika nguo yangu. Nesi akatazama, akapima tena kuhakikisha. Kisha akafungua mkanda na kusema, kama mtu anayesema jambo la kila siku, "Sawa mama. Mpelekeni kitandani."

Nafula alianza kulia. Mama Nafula akamwambia anyamaze, asipandishe presha za watu.

Walimpasua jicho la kulia. Wakati huo walikuwa wameshaanza kuweka lenzi ndani ya jicho, na tulishauriwa jinsi ya kulitunza. Asubuhi iliyofuata tulikuwa pale walipotoa bandeji. Alipepesa, machozi yakatoka, daktari akamfuta. Akaangalia dirisha. Akaangalia mikono yake mwenyewe, pande zote mbili, kama mikono ya mtu mwingine. Nafula akamsogezea mtoto. Mama Nafula alimtazama kwa muda mrefu, pua, masikio, paji, na mtoto akamtazama na kumshika kidevu.

"Nani alisema amefanana na watu wa babake?" akauliza kwa sauti iliyojaza wodi. "Nafula, huyu ni mimi! Angalia hii paji. Huyu ni mimi kabisa!" Wodi nzima ilicheka, na wale waliokuwa bado wamefungwa bandeji macho yote mawili walicheka kwa nguvu kuliko sisi. Mimi sikujizuia tena, nililia waziwazi na sijutii.

Baada ya wiki kadhaa, Jumatatu, kliniki imejaa, nikasikia sauti yake nje ikimsalimia kila mtu kwa jina na kumwambia mtu fulani kwamba kumbe ana sura nzuri hivi na miaka yote alikuwa anampunguzia maharagwe. Aliingia peke yake. Hakushikwa mkono na mtu. Alivuka mtaro wetu wa mlangoni kwa hatua moja safi, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema nilikuwa mfupi kuliko sauti yangu. Kisha akakaa kitini, akakunja mkono wa blauzi mwenyewe, akauweka mezani mbele yangu.

"Pima, Sista," akasema. "Jicho la pili linangoja."